Unga wa Pakiti na Mbegu za Kuvu Zilizomo Udongoni

Kabla ya mvua za msimu uliopita mama mmoja mzee wa upande wa Bungoma alinijia nyumbani siku ya Jumapili, naye ameshika pakiti ndogo iliyofungwa vizuri. Chama chao cha akina mama kilikuwa kimechanga fedha, wakanunua pakiti moja ya kujaribu, na mwuzaji alitaka kila mwanachama anunue yake kabla ya kupanda. Alikuwa amewaambia kwamba ndani mna kuvu rafiki wa mizizi, na kwamba mahindi yatakayopandwa pamoja nazo yatazaa maradufu.

Mama aliketi, akaweka pakiti juu ya meza, akasema, "Mwanangu, wewe ndiwe uliyesoma. Unga huu ni kitu kilicho hai, ama ni vumbi la barabarani?"

Nikamjibu, "Mama, kwa kuutazama hivi sijui. Lakini iko njia ya kujua."

"Basi uifuate upesi," akasema, "maana fedha hizi ni karo ya watoto, na mvua haitungoji."

Swali la mama huyu si dogo, wala si lake peke yake. Katika nchi yetu, tangu Kitale hata Bungoma, bidhaa za namna hii huuzwa madukani na sokoni, na mkulima hana jicho la kuona kilichomo. Kwa hiyo leo nitaeleza jinsi wataalamu wanavyozitoa mbegu za kuvu udongoni na kuzihesabu, ili msomaji apate kipimo cha kupimia maneno ya mwuzaji.

Kuvu rafiki ni nini?

Sote twaijua kuvu kwa ubaya wake, kwa kuwa huozesha mahindi ghalani na kuharibu mkate. Walakini ziko kuvu nyingine ziishizo ndani ya mizizi ya mimea iliyo hai bila kuidhuru. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kijerumani, A. B. Frank, aliupa ushirika huu wa kuvu na mzizi jina la mikoriza, neno lililotoka katika Kiyunani, maana yake kuvu-mzizi. Mmea huipa kuvu sehemu ya sukari inayotengenezwa na majani. Kuvu nayo hutandaza nyuzi zake udongoni, nyuzi nyembamba kupita mzizi wowote, ikauletea mmea chakula, na hasa fosforasi.

Fosforasi haisafiri udongoni na maji kwa wepesi kama vyakula vingine vya mimea. Mzizi hula ile iliyo karibu nao, milimita chache tu, kisha hubaki na njaa. Nyuzi za kuvu huendelea mbele sentimita kadhaa na kufika pasipofikiwa na mzizi. Udongo mwekundu wa magharibi ya Kenya una chuma na alumini nyingi, navyo huishika fosforasi kwa nguvu. Ndiyo sababu msaada wa kuvu hizi ni wa maana sana kwetu.

Wafanyakazi wa misitu wana mfano mzuri wa jambo hili. Misonobari si miti ya asili ya Afrika Mashariki, nayo ina kuvu zake za namna nyingine, zile zitoazo uyoga. Miche iliyopandwa pasipo kuvu hizo ilidumaa, ikageuka rangi ya manjano, hata ulipochanganywa katika vitalu udongo uliochotwa chini ya misonobari mikubwa. Lakini kuvu za mahindi, mtama, maharagwe na viazi vitamu hazitoi uyoga. Huzaana kwa vitone vidogo vya mviringo vilivyofichwa udongoni, ambavyo wataalamu huviita spora, nasi tutaviita mbegu za kuvu. Nyingi ni kubwa kupita mikroni 40 na ndogo kuliko mikroni 400, na mikroni 1,000 ni milimita moja. Basi kubwa zake jicho kali laweza kuziona kama nukta, na ndogo zataka hadubini.

Mwaka 1963 wataalamu wawili, J. W. Gerdemann wa Marekani na T. H. Nicolson wa Scotland, waliandika habari za njia ya kuziosha mbegu hizi kutoka udongoni kwa maji na machekeche. Waliifuata njia iliyokuwa ikitumiwa zamani kutafutia minyoo wadogo wa udongoni. Mwaka uliofuata, 1964, Kitale ilitoa mahindi chotara ya H611, mbegu iliyojulikana upesi nchini kote. Mbegu ya mahindi mkulima huijua kwa macho, huichagua na kuilinda. Mbegu ya kuvu hakuna aliyemwonyesha, ingawa njia ya kuiona ni ya miaka ile ile.

Kuchukua udongo

Wakati ufaao ni mazao yanapokomaa au mara baada ya kuvuna, kabla shamba halijalimwa, kwa maana wakati huo mbegu za kuvu huwa nyingi. Usichukue udongo mahali pamoja tu. Pita shambani kwa kupinda huku na huku, ukachimbe mahali kama kumi, karibu na mizizi, toka juu hata kina cha sentimita 20. Uchanganye wote katika ndoo safi, uondoe mawe, kisha utie sehemu yake katika mfuko na kuandika jina la shamba na tarehe. Uukaushe kivulini, wala usiuanike juani, kwa kuwa joto huua ulichokwenda kukitafuta. Kama una sehemu mbili za shamba zisizofanana, kila moja iwe na mfuko wake.

Kuosha na kuchekecha

Pima gramu 50 za udongo, utie katika chombo chenye lita moja ya maji, ukoroge vizuri. Udongo wa kichanga, kama ulio sehemu nyingi za Bungoma, huachana mara moja. Udongo mzito wa mfinyanzi yafaa uloweke kwanza kama nusu saa, na madonge yavunjwe kwa vidole, kwa maana mbegu zilizofungwa ndani ya donge hazitahesabiwa.

Ukiisha kukoroga, ngoja nusu dakika au chini ya hapo. Mchanga mzito huzama, na mbegu za kuvu, zilizo nyepesi, hubaki zikielea pamoja na takataka. Mama yeyote aliyepata kuosha mchele wenye changarawe ajua kazi hii: kizito hukaa chini, na chepesi humiminwa na maji. Tofauti ni kwamba hapa tunakitaka kile chepesi.

Maji hayo humiminwa juu ya machekeche yaliyopangwa moja juu ya jingine. La juu lina matundu makubwa, kama ya milimita moja au pungufu kidogo, nalo huzuia mizizi na majani. La kati lina matundu ya mikroni 250 au karibu yake. La chini kabisa lina matundu ya mikroni 45 au 50, nalo huzuia mbegu ndogo, huku tope laini likipita na maji. Kisha ongeza maji katika chombo kile kile, ukoroge tena, ngoja, mimina. Rudia mara tatu au nne, hata maji yawe meupe. Mtu akimimina mara moja tu akaondoka, mbegu nyingi atakuwa ameziacha katika chombo.

Kitambaa cha nyumbani au chujio la chai havitoshi kwa kazi hii, kwa sababu matundu yake si sawa na hayajulikani ukubwa. Machekeche ya kweli hupatikana katika maabara za udongo.

Kuelesha kwa maji ya sukari

Kilichobaki katika machekeche huwa mbegu pamoja na vipande vya mizizi na chembe za udongo. Ili kuzitenga, wataalamu hutumia mashine ya kuzungusha, ambayo huzungusha chupa ndogo kwa kasi sana hata vizito vikajibana chini. Kwanza huzungusha kwa maji matupu kwa dakika chache. Takataka nyepesi huelea na kumwagwa, na mbegu huzama. Kisha hutia maji ya sukari, wakazungusha tena kwa dakika moja au mbili. Mtaalamu W. R. Jenkins alieleza mwaka 1964 matumizi ya maji haya kwa minyoo ya udongoni, akitia gramu 454 za sukari na kuongeza maji hata kufika lita moja. Katika maji mazito hivyo mbegu za kuvu huelea, na udongo huzama.

Hapa haraka yahitajika. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya mbegu, kama chumvi ivutavyo maji katika samaki, na mbegu ikikaa humo muda mrefu hunywea na kufa. Kwa hiyo zikiisha kuelea humiminwa mara moja juu ya chekeche la chini na kuoshwa kwa maji mengi safi.

Kuhesabu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mbegu hutandazwa juu ya karatasi ya kuchujia iliyopigwa mistari, ili mwenye kuhesabu asiipite moja wala asiihesabu mara mbili. Chini ya hadubini huonekana kama shanga: nyeupe, za manjano, za kahawia, hata nyeusi. Chembe ya mchanga ina pembe na ni ngumu ikiguswa na ncha ya sindano. Mbegu ya kuvu ni laini kwa umbo, na iliyo nzima aghalabu huwa imejaa, na ndani yake mna vitone vya mafuta. Iliyo tupu, iliyobonyea au iliyotoboka haifai kuandikwa pamoja na nzima.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme kwa mfano umepata mbegu nzima 40 katika gramu 50 za udongo, basi ni 80 kwa kila gramu 100. Fanya hivyo kwa mifuko mitatu ya shamba lile lile, utafute wastani, ndipo ulinganishe na shamba jingine.

Lakini tusidanganywe na hesabu peke yake. Udongo waweza kuwa na mbegu nyingi zilizolala au zilizokufa, na pengine ukawa na mbegu chache huku nyuzi hai na vipande vya mizizi vikifanya kazi ile ile. Kadhalika pakiti isiyo na mbegu nyingi yaweza kuwa na vipande vya mizizi vyenye kuvu. Kwa hiyo shahidi wa mwisho ni mmea wenyewe.

Jaribio la makopo matatu

Kwa msaada wa mwalimu mmoja wa sayansi nilifanya jaribio ambalo shule yoyote ya sekondari yenye hadubini yaweza kulifanya. Tulijaza makopo matatu mchanga uliopikwa kwa mvuke ili kuua kila kilichokuwamo. Katika kopo la kwanza tulitia unga wa pakiti uliokwisha kupikwa, katika la pili unga ule ule usiopikwa, na katika la tatu udongo kidogo uliotoka shamba la mama, kando ya ua penye nyasi za napia. Tukapanda mahindi katika yote, tukayamwagilia sawasawa kwa muda wa majuma sita.

Kisha mizizi ilioshwa na kutiwa rangi, maana kuvu ndani ya mzizi haionekani bila rangi. Zamani kazi hii ilihitaji dawa za ghali na za hatari. Mwaka 1998 Horst Vierheilig na wenzake walionyesha kwamba wino wa kalamu na siki vyatosha. Mizizi huchemshwa kwanza kwa dakika chache katika maji ya potasi kali, nayo huunguza ngozi na macho, kwa hiyo kazi hii ni ya mwalimu katika maabara, si ya mtoto jikoni. Mizizi ikiisha kuoshwa sana huchemshwa dakika tatu katika siki iliyotiwa wino, sehemu 5 za wino katika 100, kisha hukaa katika maji yenye matone machache ya siki. Mzizi hubaki mweupe, na kuvu hushika rangi. Miaka yote nimetumia wino kwa barua na madaftari, nami sikujua kwamba waweza kuandika pia habari za mizizi.

Matokeo yalikuwa haya. Kopo la kwanza halikuwa na kuvu, kama ilivyotazamiwa. La pili, lililokuwa na unga wa pakiti, lilikuwa na alama chache mno, hata ikatulazimu kutafuta mzizi hata mzizi. La tatu, la udongo wa mama mwenyewe, mizizi yake ilijaa nyuzi na vifuko vya kuvu.

Nilipompelekea mama habari hizi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kumbe wametuuzia kitu tulicho nacho?"

Nikamwambia, "Mama, wamewauzia pungufu ya kile mlicho nacho."

Fedha za chama zilibaki katika sanduku lao, na karo ikalipwa.

Hata hivyo haki itendeke. Pakiti moja si pakiti zote, na huenda ile iliharibiwa na joto la dukani, maana kitu hai hufa kikikaa juani. Lakini si sisi tu tulioona hivyo. Kuanzia mwaka 2009 wataalamu waliokuwa na makao Nairobi walizipima bidhaa nyingi za namna hii katika Kenya, Nigeria na Ethiopia, na walizoziona kuwa na faida ya hakika shambani zilikuwa chache. Basi kanuni ni hii: usinunue kwa shamba zima. Jaribu mstari mmoja kwa pakiti na mstari mmoja bila pakiti, pima mavuno kwa mizani, halafu ukate shauri.

Kuzilinda tulizo nazo

Kuvu hizi haziwezi kuishi bila mizizi hai. Shamba likikaa wazi muda mrefu bila mmea wowote hupungua, na kulima mara nyingi hukata nyuzi zake. Mbolea ya fosforasi ikizidi kipimo, mmea huacha kuzilisha, kwa kuwa haoni tena haja ya mshirika. Kabichi na sukuma wiki hazishirikiani nazo kabisa. Kwa hiyo baada ya mboga hizo yafaa kupanda maharagwe, viazi vitamu, mtama, au mitoo tunayoila siku zote, maana mimea hii huzilisha na kuziongeza. Tena tusikosee upande wa pili: kuvu haitengenezi fosforasi, huileta tu. Mahali ambapo udongo umechoka kabisa mbolea ya kiasi na samadi bado zahitajika, kwa maana mchukuzi hawezi kuleta mzigo usiokuwapo.

Kwa watu wa sehemu za chini za Bungoma liko jambo jingine. Mwaka 2005 wataalamu wa Japani walionyesha kwamba mzizi hutoa kemikali fulani inayoziita kuvu hizi. Kemikali za jamii hiyo hiyo zilikuwa zimekwisha julikana tangu mwaka 1966 kwa kuamsha mbegu za kiduha, lile gugu linyonyalo mahindi. Mzizi wenye njaa huita rafiki, na adui naye husikia. Lakini majaribio ya mashambani huko Cameroon, yaliyotangazwa mwaka huo wa 2005, yalionyesha kwamba mtama uliotiwa kuvu rafiki ulipungukiwa na kiduha. Rafiki akiisha kuingia, adui hudhoofika.

Basi, wasomaji wangu, walimu wa sayansi na mabwana shamba wangefanya kazi njema kama wangewaosha udongo wanafunzi na wakulima machoni pao japo mara moja, wakauona utajiri wao kwa hadubini. Mtu asiyejua alicho nacho huuziwa chochote. Wazee wetu walitwambia tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, na mbacha wetu ni ule udongo ulioko kando ya ua, chini ya nyasi, ambao hakuna aliyeutia bei.